Chanjo ya mafua ya mtoto: ya kupulizia puani au ya sindano? Mwongozo kwa mzazi wa Dodoma

Kuanzia Juni, baridi ya alfajiri ikikutana na upepo wa vumbi, foleni ya kliniki inakuwa ya makamasi matupu. Ndio msimu ninaoulizwa sana kuhusu chanjo ya mafua. Mara ya mwisho swali lilikuja na video. Mama mmoja wa Ilazo, mwenye mtoto wa miaka mitatu na miezi kadhaa, alinisogezea simu. Wifi yake anaishi Uingereza, na huko mtoto wa shule kakaa kwenye kiti, kapuliziwa kitu puani, kafuta pua, kaondoka. Hakuna kilio, hakuna kushikwa miguu.

"Nesi, kwa nini wa kwetu wachomwe wakati kuna hii?"

Nilimwambia kwamba kilio cha dakika moja ndicho kitu cha mwisho cha kutazama. Kabla yake kuna umri wa mtoto, kifua chake, damu yake, watu anaoishi nao, na friji ambamo chanjo ililala. Ukivipitia vyote hivyo bila kujidanganya, mara nyingi unakuta uamuzi umeshajifanya wenyewe, na kwa watoto wa huku mara nyingi unaangukia kwenye sindano. Hakufurahi. Basi tukakaa kwenye benchi tukapitia moja baada ya jingine, na ndivyo nitakavyokupitisha na wewe.

Hatua ya 1: Jua unakinga nini

Tunachokiita mafua ni magonjwa mengi ndani ya jina moja. Kuna virusi vya kila wiki vinavyomwacha mtoto anachuruzika makamasi lakini anacheza. Kuna pua inayochuruzika kwa sababu ya vumbi, na mkazi wa Nkuhungu au Ihumwa sihitaji kumweleza vumbi ni nini. Halafu kuna homa ya mafua yenyewe, inayoletwa na virusi vya influenza, inayomwangusha mtoto ghafla: homa kali, mwili kuuma, kikohozi, kukataa chakula, na kwa baadhi yao nimonia. Chanjo hii inakinga hiyo ya tatu tu. Ukimchanja leo kisha wiki ijayo akatoka makamasi, usirudi kutugombeza.

Hata kwa hiyo ya tatu, kinga si ukuta. Mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa mtu kuugua hadi kumwona daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Mwaka ambao haikulingana, kinga inashuka. Faida yake nyingine ni kwamba aliyechanjwa, akiugua, kwa kawaida hapigwi vibaya kama ambaye hakuchanjwa.

Sasa toa kadi ya kliniki uisome. Utaona chanjo ya kifua kikuu, polio, pentavalenti (chanjo moja inayokinga magonjwa matano), nimonia, ya kuhara, na surua-rubela. Chanjo ya mafua haimo, kwa sababu haiko kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto nchini. Maana yake ni mbili: ukiitaka utaitafuta mwenyewe kwa fedha yako, na usiache hata moja ya zile za bure kwa sababu unakusanya hela ya hii. Mtoto ambaye hajamaliza dozi za pentavalenti na nimonia, hayo ndiyo ya kumaliza kwanza.

Kuna wazazi wasomi, hasa wafanyakazi wa ofisi za Mtumba, wanaoniambia mtoto alishachanjwa influenza, wameona kwenye maelezo ya pentavalenti. Wanachokiona ni jina la bakteria anayeitwa Haemophilus influenzae aina b, kwa kifupi Hib. Jina hilo ni kosa la kale: mwaka 1892 daktari Mjerumani, Richard Pfeiffer, alimkuta bakteria huyo kwa wagonjwa wa mafua akaamini ndiye chanzo. Baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni virusi, lakini jina likabaki. Chanjo ya Hib ni ya maana sana, inazuia aina ya nimonia na homa ya uti wa mgongo. Homa ya mafua haiigusi.

Hatua ya 2: Hesabu umri kwa kadi, usihesabu kwa macho

Hapa ndipo wengi wanaachana na ya puani mapema.

Chini ya miezi 6 hakuna chanjo ya mafua ya aina yoyote. Mtoto huyo analindwa na wanaomzunguka: mama aliyechanjwa sindano akiwa mjamzito, maziwa ya mama, na mgeni mwenye kikohozi kuambiwa kwa heshima kwamba leo mtoto hapakatwi. Kwa mila zetu hilo la mwisho ni gumu kuliko kutafuta chanjo, najua. Bibi akitoka Kondoa kuja kumwona mjukuu, nani atamzuia mlangoni? Mpe maji na sabuni anawe, aongee na mtoto kwa mbali kidogo siku mbili tatu, kikohozi kikipungua ampakate.

Kuanzia miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 2, ni sindano peke yake.

Kuanzia miaka 2, zote mbili zinaruhusiwa kwa mtoto mwenye afya njema.

Mpaka huo wa miaka 2 haukuwekwa kwa kubahatisha. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliolinganisha chanjo hizi mbili kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Ya puani ilifanya vizuri sana: watoto waliopuliziwa waliugua homa ya mafua pungufu kwa zaidi ya nusu kuliko waliochomwa sindano. Lakini kwa wale wadogo kabisa kulikuwa na jambo jingine: vifua kupiga filimbi viliongezeka, na watoto wa chini ya mwaka mmoja waliopuliziwa walilazwa hospitali zaidi. Ndiyo maana mtoto wa miaka miwili kasoro wiki tatu bado ni wa sindano, hata kama ana mwili mkubwa na anakimbia kuliko wenzake.

Hatua ya 3: Uliza maswali ya kifua, damu na dawa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu makosa niliyowahi kuyaona yalizaliwa hapa.

Chanjo ya puani ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Vimefundishwa kukua kwenye ubaridi wa puani na kushindwa kwenye joto la mapafu. Kwa mtoto mwenye afya hilo ni jambo zuri, mwili unajifunza pale pale mlangoni ambapo adui huingilia. Ya sindano haina kirusi hai. Haiwezi kumpa mtoto mafua hata ikitaka. Tofauti hiyo moja ndiyo inayozaa masharti yote yanayofuata.

Swali la kwanza ni la kifua. Ukimuuliza mzazi wa Dodoma kama mtoto ana pumu, tisa kati ya kumi nitakaowauliza watajibu hapana, kwa sababu neno pumu linaogopesha na mara nyingi hakuna daktari aliyelitamka. Kwa hiyo siulizi hivyo. Nauliza: amewahi kuwekewa gesi hospitali kwa sababu kifua kimebana? Usiku anapopumua, kuna filimbi? Umeambiwa "nimonia" mara ngapi mwaka huu? Ameshapelekwa mahali akakatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichokwisha?

Hilo la kimeo liseme tu, hakuna atakayekucheka. Kikohozi kinachomfanya bibi ashauri kimeo kikatwe mara nyingi ni kifua kinachobana ambacho hakijapewa jina, na kimeo hakina hatia. Kukikata kumeshaleta damu kutoka bila kukoma na vidonda vilivyooza, na kikohozi kikabaki pale pale.

Mtoto wa miaka 2 hadi 4 ambaye kifua kimepiga filimbi ndani ya miezi 12 iliyopita, au ana pumu, hapuliziwi. Apate sindano. Na huyu ndiye hasa anayefaidika na chanjo, maana homa ya mafua ikimpata mwenye pumu humfungia kifua kabisa. Kwa mkubwa zaidi, wa miaka 5 na kuendelea mwenye pumu, daktari wake ndiye aamue. Mimi ningechukua sindano nisijisumbue.

Swali la pili ni la damu. Sikoseli, ambayo wengine huiita selimundu, ni ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao duniani. Bandama la mtoto mwenye sikoseli hufa kidogo kidogo na kinga yake hupungua. Kwake ni sindano tu, na kwake sindano hiyo si anasa. Vivyo hivyo kwa mtoto anayeishi na VVU, mwenye saratani, au anayetumia dawa za kushusha kinga, zikiwemo steroidi za kumeza kwa muda mrefu. Kama hujui zile pakiti ulizopewa ni za nini, zilete zote. Usiniambie "vile vidonge vyeupe". Vidonge vyote ni vyeupe.

Swali la tatu ni aspirini. Kuna watoto wanaoitumia kwa maelekezo ya daktari kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, na kuna wanaopewa na shangazi kwa sababu homa haishuki. Aspirini na homa ya mafua kwa mtoto vikikutana vinaweza kuleta ugonjwa adimu lakini mbaya wa ini na ubongo. Kwa kuwa chanjo ya puani ni virusi hai, mtoto aliye kwenye aspirini haipati, na aliyeipata hapewi aspirini kwa wiki 4 baada yake. Na hata pasipo chanjo yoyote, ukiwa na mtoto mwenye homa nyumbani, ya kumpa ni parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake.

Mzio wa yai sasa si kikwazo kama zamani. Chanjo nyingi za mafua hutengenezwa kwa mayai, na miaka ya nyuma mtoto anayevimba akila yai alikuwa anarudishwa nyumbani. Miongozo mipya inaruhusu achanjwe, mradi mchanjaji ana vifaa na dawa za kutibu mzio mkali, vitu ambavyo anapaswa kuwa navyo kwa kila chanjo. Anayekatazwa ni yule aliyewahi kupata mzio mkali wa kuhatarisha maisha kwa chanjo ya mafua yenyewe.

Hatua ya 4: Tazama nani analala nyumba hiyo

Mtoto aliyepuliziwa anaweza kutoa virusi hivyo dhaifu puani kwa siku kadhaa. Kwa watu wa kawaida haina shida. Bibi mwenye kisukari, mama mjamzito, mdogo wake wa miezi mitatu: hao wote wanaweza kuishi naye bila wasiwasi, nami sipendi kuwatisha watu bure.

Tatizo ni mtu ambaye kinga yake imeshushwa karibu na sifuri, anayelazimika kutengwa na watu. Zamani ningesema mtu wa namna hiyo humpati mtaani kwetu. Siku hizi yupo. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza kupandikiza uboho kwa watoto wenye sikoseli mwaka 2023. Mtoto huyo akirudi nyumbani kwao Kisasa au Chamwino, ndugu zake wasipuliziwe. Wote nyumba nzima wachomwe sindano, na wachomwe kweli, kwa sababu wao ndio uzio wake.

Hatua ya 5: Kama gelatini inakuhusu, uliza mapema

Chanjo ya puani inayotumika Marekani na Ulaya ina gelatini itokanayo na nguruwe, inayosaidia virusi visife njiani. Wako wanazuoni wa Kiislamu waliosema gelatini iliyokwisha kubadilika asili yake inaruhusiwa katika dawa, na wako wazazi ambao hata hivyo hawaitaki. Sio kazi ya nesi kuamua hilo. Mzazi mmoja wa Majengo alichukizwa si kwa sababu ya gelatini bali kwa sababu hakuna aliyemwambia kabla, na alikuwa na haki ya kuchukizwa. Huko Uingereza anayeikataa hupewa sindano isiyo na gelatini. Kwako wewe: omba karatasi iliyomo ndani ya boksi, isomwe mbele yako.

Hatua ya 6: Piga simu kabla ya kupanda daladala

Mpaka hapa kama mtoto bado anafaa kwa zote mbili, sasa rafu ndiyo inayoongea. Ya puani ni adimu. Muda wake wa kukaa kabla ya kuharibika ni mfupi, unahesabika kwa wiki, kwa hiyo muuzaji anayeileta mbali na pwani anajua isipouzwa haraka ni hasara yake. Ya sindano ndiyo utakayoipata kwa urahisi zaidi katika hospitali na kliniki zinazotoa chanjo za kulipia, na hata hiyo si kila siku.

Kwenye simu uliza haya, na usione aibu kuuliza mara mbili:

"Mnayo ya aina gani, na boksi linasema inafaa kuanzia umri gani?" Sindano za mafua hazifanani. Zipo zinazoanzia miezi 6, zipo za kuanzia miaka kadhaa, na zipo zilizotengenezwa kwa wazee peke yao. Mwaka 2010 huko Australia, chanjo moja ya sindano iliwaletea watoto wa chini ya miaka 5 homa kali na degedege kwa wingi usio wa kawaida, ikasimamishwa kwa umri huo. Chanjo nyingine za mwaka ule hazikuwa na tatizo hilo. Umri ulioandikwa kwenye boksi si urembo.

"Ni ya mwaka gani?" Virusi vya mafua hubadilika, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hutangaza muundo mpya mara mbili kwa mwaka: Februari kwa kizio cha kaskazini na Septemba kwa kizio cha kusini. Boksi huandikwa kizio na mwaka. Sisi tuko karibu na ikweta, mafua huku yanazunguka mwaka mzima na kupanda na kushuka, kwa hiyo usikae ukisubiri "msimu" kama wa Ulaya. Chukua iliyo mpya zaidi na ambayo tarehe yake haijapita. Ukiona kwenye chanjo za sasa aina za virusi ni tatu na si nne kama zamani, haijapunjwa: ukoo mmoja wa virusi vya mafua vya aina B, uitwao Yamagata, haujathibitishwa kuonekana tangu Machi 2020, ukaondolewa.

"Imesajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba?" Na bei ni ya dozi moja au mbili? Na bima yangu inalipia? Usidhani inalipia kwa sababu inalipia malaria.

Swali ambalo wengi huliweka mbele, ipi ina nguvu zaidi, nimeliweka huku nyuma makusudi. Utafiti wa 2007 uliipa ya puani ushindi. Kisha Marekani iligundua kwamba kwa miaka kadhaa ilikuwa dhaifu dhidi ya aina moja ya kirusi cha mafua, H1N1, ikaacha kuipendekeza kwa misimu miwili, wa 2016 na wa 2017, na kuirudisha 2018 baada ya kirusi hicho ndani ya chanjo kubadilishwa. Uingereza, iliyoanza kuwapulizia watoto mwaka 2013, haikuiacha wakati wote huo. Leo Marekani haiweki moja mbele ya nyingine kwa mtoto mwenye afya. Kwa hiyo iliyopo leo, yenye tarehe nzuri, inaishinda ile unayoiota. Mtoto anayesubiri ya puani ifike kutoka Dar es Salaam miezi minne ni mtoto ambaye hajachanjwa kwa miezi minne.

Hatua ya 7: Usiibebe mwenyewe

Chanjo zote mbili hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Zikipata joto zinaharibika. Zikiganda zinaharibika pia, na hili la pili ndilo watu hawalijui.

Nilishaletewa. Baba mmoja, mwenye nia njema kabisa, alinunua sindano mbili Dar, akazitia kwenye deli ndogo, akazifunika kwa barafu ya kutosha ili zisipate joto la Morogoro. Safari ya basi ya kilomita zaidi ya 400. Alipofika alifungua deli kwa fahari. Boksi lilikuwa limeshikana na barafu, na maji ndani ya bomba yalikuwa yameganda. Ingeyeyuka, ingeonekana nzuri kabisa, na mtoto angechomwa maji yenye jina la chanjo. Sikumchoma. Tulikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama anaweza kurudishiwa fedha.

Treni ya umeme imefupisha safari, lakini barafu ni ile ile. Acha usafirishaji kwa mwenye kibebeo cha chanjo na kipimajoto. Na ukifika unapochanjia, omba kuona friji. Ndani yake pawe na kipimajoto na karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni. Uliza umeme ukikatika wanafanya nini. Anayekasirishwa na swali hilo amekujibu. Ukikuta chanjo imelala pamoja na soda na chupa ya mtindi, salimia kwa adabu uondoke. Duka la dawa la mtaani si mahali pa kuchomea sindano hata kama muuzaji ni jirani yako wa miaka yote.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mlishe mtoto, umvalishe nguo ambayo paja au bega vinafikika. Kama ana homa kali siku hiyo, ahirisha, na kwa huku kwetu homa ipimwe malaria kwanza. Kama ana makamasi tu, sindano inachomwa kama kawaida. Ya puani ndiyo inayosumbuliwa na makamasi: pua iliyoziba haiipokei vizuri, hivyo ama asubiri ifunguke ama achomwe. Hapo ndipo unapokumbuka vumbi la Julai na kuelewa kwa nini watoto wengi wa Dodoma huishia kwenye sindano.

Ya puani huja kwenye kibomba kisicho na sindano, mililita 0.2 kwa jumla. Mtoto anakaa wima. Nusu inapulizwa tundu moja la pua, kisha kibanio kidogo kinachogawa dozi kinatolewa na nusu iliyobaki inapulizwa tundu la pili. Mtoto anapumua kawaida, hahitaji kuvuta kwa nguvu. Akipiga chafya au pua ikachuruzika papo hapo, hairudiwi. Na nikuambie, wako wa miaka miwili wanaopigana na kibomba hicho kuliko wanavyopigana na sindano, maana kinakuja usoni.

Ya sindano kwa wadogo huchomwa pajani kwa mbele upande wa nje, kwa waliokua zaidi begani. Mpakate, miguu yake katikati ya magoti yako, mkono wake mmoja nyuma ya mgongo wako. Anayenyonya anyonyeshwe hapo hapo, inasaidia kweli. Tafadhali usimwambie haiumi, wala usimtishie sindano nyumbani kila anapokataa ugali. Mwambie itauma kidogo kama mwiba halafu itaisha. Chanjo hii inaweza kutolewa siku moja na nyingine za kliniki. Kwa ya puani, ikiwa kuna kampeni ya surua-rubela mtaani, zitolewe siku moja au zipishane kwa wiki 4, kwa sababu zote ni virusi hai.

Baada ya hapo kaa dakika 15. Mzio mkali ni nadra sana, lakini ukija huja mapema, na ukukute karibu na mwenye dawa, si kwenye bodaboda.

Hatua ya 9: Nyumbani, na wiki ya nne

Maudhi madogo madogo ya sindano ni maumivu na uvimbe mahali palipochomwa, homa ndogo, kununa. Ya puani huleta pua kuchuruzika au kuziba, na pengine homa kidogo. Siku moja hadi mbili. Mtoto aliyewahi kupata degedege kwa homa anaweza kuchanjwa, ila mwambie nesi kabla, mpange jinsi ya kuifuatilia homa. Kama anapumua haraka, mbavu zinabonyea, anashindwa kunyonya au kunywa, analegea au anapata degedege, huyo si wa maudhi, ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

Kinga hujengeka kwa wiki zipatazo 2. Na mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa mafua kwa mara ya kwanza maishani anahitaji dozi mbili zilizopishana kwa wiki 4 au zaidi, ingawa nchi kama Uingereza humpa mtoto mwenye afya dozi moja ya puani. Wazazi wengi wanaishia ya kwanza, ama kwa kusahau ama kwa sababu hela ya pili haikutengwa. Itenge siku ile ile. Dozi ya pili si lazima iwe ya aina ile ile: aliyepuliziwa ya kwanza anaweza kuchomwa ya pili, mradi umri na afya vinaruhusu. Mwakani na miaka inayofuata ni dozi moja kila mwaka.

Mama wa Ilazo, tulipofika swali la gesi, alinyamaza. Mtoto alikuwa amewekewa gesi mara mbili tangu Disemba, na yeye alidhani ni mvuke wa kawaida. Alichomwa sindano, akalia, akapewa ubuyu, akanyamaza. Kwenye kadi hapakuwa na mstari wa chanjo hiyo, kwa hiyo tuliandika kwa kalamu kwenye nafasi iliyobaki wazi: mafua, sindano, dozi ya 1, tarehe, namba ya toleo kutoka kwenye boksi, na chini yake tarehe ya kurudi.